Kisima cha Mama Daktari

"Kitendawili!"
"Tega!"
"Nina kisima changu: nikiteka kinajaa, nikiacha kuteka kinakauka."

Bomba? Siyo. Lambo? Siyo. Mmeshindwa, nipeni mji.

"Tunakupa Korogwe!"

Haya, nimekwenda Korogwe, mji wa mto Pangani na mashamba ya mkonge. Hospitalini nikamwona mama daktari. Jina lake silitaji, maana wa namna yake ni wengi. Nyumbani ameacha mtoto wa miezi minne. Saa nne asubuhi anaitwa mbio: kuna mzazi amekwama, lazima apasuliwe. Ananawa hadi viwikoni, anavaa glavu, anaingia. Kichanga kinatoka kikilia kwa nguvu. Mara daktari naye anahisi kifua kinabana, nguo ya ndani inalowa. Kilio cha mtoto wa mwenzake kimemgusa!

Mnacheka? Mwili ndivyo ulivyo. Mama akisikia mtoto analia, ubongo unaweza kuamrisha kisima kifunguke, hata kama mikono iko kazini.

Jibu bado? Niongezeeni mji.

"Handeni!"

Nimekwenda Handeni, kilomita 65 za lami kutoka Korogwe, nikamkuta bibi anafunga mzigo. Anakwenda kumlea mjukuu, mtoto wa yule mama daktari. Yeye wanawe aliwabeba mgongoni hadi shambani. Mtoto akilia, ananyonya hapo hapo. Alipofika Korogwe akafungua friji, akashika kiuno.

"Mwanangu, maziwa yako yanakaa na nyanya?"

"Ndiyo, mama. Humo yanafika hata siku 4. Mezani, kwa joto hili, ni saa chache tu. Mnyweshe kwa kikombe, taratibu, mwache alambe mwenyewe."

Sasa pigeni hesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, au 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa pamoja. Siku 84 ni wiki 12. Lakini wataalamu wa afya wanasema mtoto anyonye maziwa ya mama pekee, bila hata maji, kwa miezi 6. Basi hata akianza likizo siku ya kujifungua, atarudi kazini nusu ya safari ikiwa bado.

Ndiyo maana sheria hiyo hiyo inamruhusu mama kutumia hadi saa 2 za kazi kila siku kumnyonyesha mwanawe. Saa hizo si za kupumzika. Mtoto akinyonya, au mama akikamua, mwili hutengeneza mengine. Akipitisha siku nyingi bila kufanya hivyo, hupungua.

Jibu mmelipata: ni maziwa ya mama. Kwa hiyo mkimwona daktari anatoka wodini kwa haraka saa sita mchana, msiseme anatoroka kazi. Anakwenda kuteka.