Sakoshi nyeupe na udongo mwekundu

Mama zetu na mabinti, munajua wenyewe barabara ya Salamabila wakati wa kiangazi. Pikipiki moja ikipita, basi. Sakoshi ya turubai iliyotoka nyumbani na rangi ya maziwa inafika kanisani na rangi ya tofali. Wengi wanakimbilia javeli, na hapo ndipo sakoshi inapokufa.

Udongo wetu ni mwekundu juu ya chuma iliyo ndani yake; ni ndugu wa kutu ya jembe. Javeli haiondoi kutu. Inalikomaza doa, inageuza pamba kuwa ya njano, na nyuzi zinalegea mpaka zinakatika kwenye mshono.

Kwa hiyo usianze na maji. Kama ni matope, acha yakauke kabisa. Toa vitu vyote, Biblia na sarafu, pindua sakoshi uikung'ute, kisha piga brosi laini (mswaki wa zamani unafaa) kwa kufuata nyuzi. Vumbi kavu linatoka. Ukililowesha linazama katikati ya nyuzi na kukaa. Tumia hata nusu saa hapa.

Halafu dondosha tone la maji mahali pasipoonekana. Likinywewa, ni pamba tupu. Likisimama kama shanga, turubai imepakwa plastiki. Turubai ya Louis Vuitton wa Ufaransa, yenye herufi na maua tangu mwaka 1896, ni ya namna hiyo ya pili, pamoja na ile ya miraba myeupe iliyotoka 2006. Zinazouzwa sokoni nyingi ni za kuiga, lakini vumbi halibagui! Iliyopakwa ipanguse kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu na sabuni kidogo. Usitie petroli, wala asidi ya kupimia dhahabu.

Pamba tupu isafishe kwa povu la sabuni ya kipande, upande mzima kwa mara moja. Ukigusa doa peke yake litaacha duara. Doa la kutu likibaki, paka maji ya ndimu, lakini yajaribu kwanza kwa ndani. Ngoja dakika chache, suuza vizuri. Ukali wa ndimu unaishika ile chuma na kuitoa.

Sasa hili lisomeeni hata watoto wanaosaidia kufua: ndimu au siki visikutane na javeli hata kidogo. Vikichanganyika vinatoa hewa ya klorini, inayochoma macho na mapafu, na katika chumba kilichofungwa inaweza kuua. Sakoshi iliyokwisha kutiwa javeli usiipake ndimu. Ukisikia harufu kali ya kukaba koo, acha kila kitu, tokeni wote nje kwenye hewa safi.

Mikono ya ngozi usiiloweshe. Jasho na jua vinaitia weusi, na weusi ule hauna dawa. Rangi ya jinzi mpya au kikwembe kipya ikiingia kwenye plastiki, nayo ni vigumu sana kutoka. Afadhali kubeba sakoshi upande wa pili.

Kausha kivulini, ukiwa umeijaza kitambaa cheupe. Usiijaze gazeti, hata hili letu, maana wino unahama. Na ukitoka Kasongo kwa pikipiki, ifunge ndani ya mfuko wa plastiki, lakini ukifika tu itoe: ikikaa humo wakati wa mvua, inaweza kuota ukungu.