Walimu, Tuingie Jikoni: Tambi Nazo Zina Somo

Ipo dhana iliyokita mizizi miongoni mwetu sisi walimu kwamba elimu ikishavuka mlango wa darasa na kuingia jikoni, basi imeshuka hadhi. Mwanafunzi anayeweza kueleza sifa za wanga katika karatasi ya mtihani hutuzwa alama; lakini mwanafunzi huyo huyo akipika tambi zikashikana kama udongo wa mfinyanzi, hakuna amwulizaye wanga huo umemfanyia nini. Maoni yangu ni kwamba hapo ndipo tunapopotoka.

Hapa Iguhu, katika Kaunti ya Kakamega, ugali, mrenda na kuku vingali vinatawala meza, wala sina nia ya kuvipindua. Hata hivyo tambi, ambazo vijana huziita spageti, nazo zimejipatia kiti karamuni. Na karamu zetu, kama ajuavyo kila mwenyeji, hazitawaliwi na saa. Mgeni aliyealikwa saa sita aghalabu hubisha hodi saa tisa. Mpishi hulazimika kupika mapema, na anapofunua sufuria hukuta bonge moja linalohitaji kisu. Nimeliona bonge hilo katika sherehe nyingi, na kila mara lawama humwangukia mpishi. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza bonge limetokana na nini.

Jibu analo kila mwanafunzi aliyewahi kukoroga unga katika maji ya moto ili apate gundi ya kubandikia karatasi. Tambi ni unga wa ngano uliokandwa na kukaushwa, na unga huo umejaa wanga. Maji yapatapo joto la nyuzi 60 hivi na kuendelea, chembe za wanga hufyonza maji, zikavimba, na baadhi zikapasuka na kutoa uteute. Tambi mbili zilizogusana katika hali hiyo huwa zimepakwa gundi. Zikipoa, gundi hukaza, kama vile uji unavyoganda ukiachwa katika kikombe. Tukishaelewa hivyo, yafaa tujue pia namna ya kuizuia gundi hiyo isifanye kazi yake.

Kwanza, maji yawe mengi: lita moja kwa kila gramu 100 za tambi, ili uteute upate nafasi ya kutawanyika. Pili, tambi zitiwe maji yakiwa yanatokota, kisha zikorogwe bila kukoma kwa dakika mbili za mwanzo, kwa maana huo ndio wakati zinapong'ang'aniana zaidi. Wapo wanaomimina mafuta katika maji hayo wakidhani yatazuia kushikana. Mafuta huelea juu ilhali tambi ziko chini. Faida yake ni haba. Mahali pa mafuta ni baadaye, tambi zikishachujwa.

Tatu, anayepika mapema aziepue zikiwa bado na ugumu kidogo katikati, azichuje, azisuuze mara moja kwa maji baridi yaliyo safi ya kunywa, azikung'ute, kisha azipake kijiko kimoja au viwili vya mafuta. Maji baridi huondoa uteute na kuzuia tambi zisiendelee kuiva. Wakati wa kuandaa, zitumbukizwe katika maji yanayochemka au katika mchuzi wa moto kwa dakika moja, nazo zitaachana.

Hapa mwalimu wa fizikia naye anaitwa. Maelezo yaliyochapishwa juu ya pakiti hutaja dakika za kupika, na vitabu vyetu husema maji huchemka kwa nyuzi 100. Hayo ni kweli Mombasa, kando ya bahari. Iguhu iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, na kwa kuwa hewa ya huku ni nyepesi zaidi, maji huchemka yafikapo nyuzi 95 hivi. Tambi zetu, basi, huhitaji muda zaidi ya ule ulioandikwa. Afuataye pakiti pasipo kuonja atakula tambi mbichi, na atakayeonja atakuwa amefanya jaribio la sayansi bila maabara.

Lakini kuna jambo zito kuliko kushikana. Tambi zinaweza kuachana vizuri, zikapendeza macho, na bado zikaua. Mwaka 2008, mjini Brussels nchini Ubelgiji, mwanafunzi mwenye umri wa miaka 20 alirejea nyumbani kutoka masomoni, akapasha moto tambi zilizopikwa siku tano kabla na kuachwa jikoni nje ya jokofu. Alifariki usiku huo huo. Madaktari walipochapisha kisa chake mwaka 2011, walieleza kwamba tambi hizo zilikuwa zimejaa bakteria waitwao Bacillus cereus. Vijimbegu vya bakteria hao hustahimili maji yanayochemka. Chakula kikipoa na kukaa katika joto la kawaida, huamka, huzaana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiharibiwi kwa kupashwa moto tena. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa mbili.

Msomaji ataniuliza: je, sisi ambao jikoni mwetu hamna jokofu tufanyeje, na wageni ni wale wale wa saa tisa? Swali hilo ni la haki, kwani ushauri mwingi juu ya chakula huandikwa kana kwamba kila nyumba ina jokofu. Jibu langu ni kwamba tusipike mapema, tuloweke mapema. Tambi kavu zikilazwa katika maji baridi safi kwa muda wa saa moja na nusu hivi, hufyonza maji na kulainika, lakini wanga haupasuki kwa sababu haujapata joto. Gundi haipo, kwa hiyo hazigandani. Wageni wakionekana njiani, zichujwe na kutiwa katika maji yanayotokota yenye chumvi kwa dakika moja au mbili tu, zionjwe, ziandaliwe. Kuni nazo zitakuwa zimesalimika, na kwa anayezinunua hilo si jambo dogo.

Wenzetu wa pwani nao wana hekima yao. Wapikapo tambi, wengi wao huzikaanga kwanza zikiwa kavu, hadi zibadilike rangi, ndipo wakatia maji au tui la nazi. Mafuta na moto huupunguzia wanga wa juu nguvu ya kunata. Hawakungoja mtu awatungie nadharia. Walitazama, wakajaribu, wakarithishana.

Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985 ulisifiwa kwa kuwa ungefunza mikono pamoja na akili. Mtaala wa umilisi uliokuja kuchukua nafasi yake umetoa ahadi inayofanana na hiyo. Ahadi hizo hazitatimizwa na waraka wa wizara, bali na mwalimu atakayethubutu kuleta sufuria darasani na kuwauliza wanafunzi, wavulana kwa wasichana: kwa nini tambi hizi zimeshikana, kwa nini maji haya hayakufika nyuzi 100, na kwa nini chakula cha juzi kisichonuka kinaweza kumwua mtu? Mwanafunzi atakayejibu maswali hayo matatu amesoma kemia, fizikia na biolojia kwa mlo mmoja, na ujuzi huo atarudi nao nyumbani kwa mama yake jioni hiyo hiyo.