Mpiga Picha wa Timu Yetu

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Bukoba na Muleba. Mwalimu wa darasa asome kila sehemu mara mbili, kisha awape wanafunzi nafasi ya kujibu maswali.)

Natumaini nyote mmekwisha kuketi, na karatasi hizi ziko mikononi mwenu. Yeye asiyeweza kusoma kwa haraka asione haya. Asikilize kwanza, akifika nyumbani asome polepole.

Leo twazungumza juu ya kazi ndogo ambayo mtu aweza kuifanya kijijini kwake bila mshahara, nayo ni kuipiga picha timu ya mpira. Labda mtauliza, "Je, jambo hili nalo ni la darasa la kisomo?" Ngojeni niwape kisa.

Siku moja nilitembelea darasa huko Muleba. Mama mmoja mwenye mvi alileta picha ya zamani aliyoifunga katika kitambaa. Vijana 11 wamesimama, wamevaa kaptura pana, na mmoja wao ameshika mpira. Mama yule aliambiwa tangu utoto kwamba kaka yake mkubwa yumo katika picha ile. Kaka alifariki yeye akiwa bado anabebwa mgongoni, kwa hiyo sura yake hakuijua. Nyuma ya picha palikuwa na maandishi. Miaka mingi aliyatazama asiweze kuyasoma, na hiyo ndiyo sababu iliyomleta darasani. Siku ile aliyasoma mbele yetu, neno kwa neno: "Timu yetu, siku tuliyoshinda."

Hayo tu. Timu ipi? Siku gani? Na katika vijana wale 11, kaka yake ni yupi? Mama akaniambia, "Mwalimu, nimeyasoma yote, wala sikuambiwa neno."

Aliyeipiga picha ile alikuwa fundi. Sura zote zaonekana wazi. Alichokosa ni dakika 5 za kalamu. Basi shikeni jambo hili moja: kupiga picha ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni kuandika. Tutazitazama nusu zote mbili.

KWANZA: CHOMBO NA JUA

Huhitaji kamera ya bei kubwa. Simu yenye kamera yatosha kwa kuanza. Lakini simu hukaa mfukoni, hushikwa na mikono yenye mafuta, na kioo chake kidogo cha kamera huchafuka. Kila mara kabla ya kupiga picha, kifute kwa kitambaa laini na kikavu. Picha nyingi zenye ukungu hazina kosa jingine ila hilo.

Kisha tazama jua liko wapi. Picha ni mwanga uliokamatwa. Jua likiwa nyuma ya mchezaji, uso wake utakuwa mweusi kama kivuli. Likiwa nyuma yako wewe mpiga picha, uso wake utang'aa. Hapa kwetu jambo hili ni rahisi kulikumbuka. Ziwa Viktoria liko mashariki yetu, na michezo mingi huchezwa alasiri, jua likiwa limeelekea magharibi. Kwa hiyo, simama upande wa uwanja ambao ukitazama mbele utakuwa umeelekea ziwani. Jua litakuwa mgongoni mwako.

Tena, hapa Bukoba na Muleba jua hufika juu kabisa karibu na saa 7 mchana. Wakati huo paji la uso hutia macho kivuli, na mtu huonekana kama hana macho. Mwanga wa saa 10 na saa 11 ni mzuri zaidi. Lakini angalia pia kivuli cha migomba au miti iliyo kando ya uwanja. Jua likishuka, kivuli hicho huingia uwanjani.

PILI: MWENDO

Mchezaji hatulii kama mtu aliyekuja kupigwa picha ya kitambulisho. Anakimbia. Hapa tufanye hesabu kidogo. Tuseme mchezaji anakimbia mita 7 kwa sekunde moja. Jicho la kamera likiwa wazi kwa sehemu moja ya 30 ya sekunde, katika muda huo mchezaji atakuwa amekwenda sentimita 23. Picha yake itakuwa kama uji uliomwagika. Lakini jicho likifunguka kwa sehemu moja ya 1,000 ya sekunde, mchezaji atakuwa amekwenda milimita 7 tu, na picha itakuwa safi.

Mwanga ukiwa mwingi, kamera hupata unaoitosha upesi, ikafunga jicho lake upesi. Giza likianza kuingia, hulazimika kuliacha wazi muda mrefu. Ndiyo maana picha za mbio zipigwe mapema, kipindi cha kwanza. Jua likikaribia kuzama, piga picha za watu waliosimama.

Mwaka 1878, huko California, Marekani, mpiga picha aitwaye Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia ya farasi. Farasi alipokimbia alikata nyuzi zilizotegwa, na kila uzi ukafungua kamera moja. Ndipo watu walipoona kwa hakika kwamba iko nukta ambapo farasi akimbiaye huinua miguu yote minne kutoka chini. Macho ya binadamu hayakuweza kuthibitisha jambo hilo, picha iliweza.

Nawe pia jifunze kungoja nukta hiyo. Usimfuate mpira kila unakokwenda, maana utachelewa daima. Chagua mahali ambapo jambo laweza kutokea, kama karibu na lango au penye kona, ukae tayari. Kaa nje ya mstari. Usiingie uwanjani, wala usisimame mahali pa kumzuia mshika kibendera. Wala usivute picha kwa kuikuza ndani ya simu, maana simu nyingi hukata tu kipande cha picha na kukipanua, na sura huharibika. Vuta kwa miguu yako: sogea.

Zaidi ya hayo, usidhani timu ni wafungaji wa mabao tu. Mpige na anayechora mistari kwa chokaa, anayefua jezi, mlinda lango wa akiba, na watoto wanaookota mipira. Na kama kijiji kina timu ya wasichana, ya mpira wa miguu au ya mpira wa pete, wapigie nao picha kama wavulana.

TATU: PICHA HUFIKA MBALI

Mtu aweza kusema, "Timu yetu ni ndogo, nani ataitazama?" Sikilizeni habari hii. Uko mchezo uitwao hoki ya barafu. Wachezaji huvaa viatu vyenye vyuma vya kutelezea, nao hupiga kwa magongo kisahani kigumu cha mpira juu ya sakafu ya barafu. Katika nchi zetu za joto, nani angeutazamia? Lakini Nairobi, katika hoteli ya Panari, uwanja wa barafu ulifunguliwa mwaka 2005, na vijana wakaunda timu iitwayo Kenya Ice Lions. Shida yao ilikuwa kwamba hawakuwa na timu nyingine ya kushindana nayo. Walicheza wenyewe kwa wenyewe.

Mwaka 2018 kampuni ya Kanada iitwayo Tim Hortons, inayouza kahawa, iliwachukua hadi Kanada, wakacheza na timu nyingine, na wachezaji mashuhuri Sidney Crosby na Nathan MacKinnon wakavaa jezi pamoja nao. Safari ile ilipigwa picha za sinema, na watu wa nchi nyingi wakawajua. Mwaka 2024 Kenya ikapokewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo.

Sisemi kwamba picha zenu zitawapeleka Kanada. Nasema kwamba timu isiyo na picha ni vigumu kujulikana hata katika kata ya pili. Mwenye duka anayeombwa kununua mpira hupenda kuona ni akina nani wanaomwomba.

NNE: RUHUSA NA HESHIMA

Kujitolea hakukupi ruhusa ya kufanya utakavyo. Kabla ya siku ya kwanza, nenda kwa mwalimu wa timu na nahodha, uwaombe. Patana nao pia nani atalipia kusafisha picha kwenye karatasi. Kazi yako ni bure, lakini karatasi si bure. Msipopatana mapema mtagombana baadaye.

Kwa watoto, omba ruhusa kwa wazazi wao. Usimpige picha mtu anayebadili nguo. Mchezaji akiumia, weka simu chini, usaidie. Mtu akikuambia, "Ndugu yangu, ile picha sikuipenda, ifute," ifute mbele yake. Katika nchi yetu iko Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023. Lakini hata pasipo sheria, heshima ingetutosha.

TANO: MAANDISHI

Sasa chukueni kalamu. Kila picha ya timu iwe na maneno haya. Yanakilini katika daftari:

Timu: ……………
Tumecheza na: ……………
Uwanja na kijiji: ……………
Tarehe, mwezi na mwaka: ……………
Matokeo: ……………
Waliosimama, kutoka kushoto: ……………
Waliochuchumaa, kutoka kushoto: ……………
Aliyepiga picha: ……………

Kushoto kwa nani? Ni kushoto kwako wewe unayeitazama picha, si kushoto kwa wachezaji. Andika majina mawili, la mtu na la baba yake, maana katika timu moja waweza kupata vijana watatu wenye jina moja. Jina la utani la mpirani liandikwe pia, kwani wengine hujulikana kwa hilo tu. Usitegemee namba ya jezi. Leo anaivaa huyu, kesho yule. Na mwaka usiuache hata kidogo. Leo kila mtu anajua ni mwaka gani. Baada ya miaka 30 hakuna atakayejua.

Waulize wachezaji majina siku ile ile, kabla hawajatawanyika. Usiyejua kuandika jina la mtu, mwombe aliandike mwenyewe. Haya ndiyo matumizi ya kisomo.

SITA: KUTUNZA

Bukoba hupata mvua nyingi, kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, na unyevu huotesha ukungu juu ya picha. Iweke katika bahasha, mahali pakavu, mbali na ukuta unaolowa. Maandishi yaandikwe kwenye kikaratasi, kisha kibandikwe nyuma. Kalamu ikikandamizwa juu ya picha yenyewe huacha alama upande wa mbele.

Tena, picha moja ikae katika nyumba mbili. Mnakumbuka tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ardhi lilipobomoa nyumba nyingi Bukoba na jirani zake. Kilichokuwa katika nyumba moja tu kiliweza kupotea mchana mmoja. Simu nayo huibwa, huanguka majini, hufa. Basi nakala moja iwe kwako, na ya pili kwa katibu wa timu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Katika uwanja wa kijiji chenu, mpiga picha asimame upande gani saa 10 alasiri? Kwa nini?
2. Kwa nini mtu akimbiaye huonekana vibaya katika picha iliyopigwa jioni sana?
3. Yale maneno ya nyuma ya picha ya mama yalikosa nini?

KAZI YA JUMA HILI

Kila mmoja atafute nyumbani picha moja ya zamani isiyo na maandishi. Awaulize wazee, "Huyu ni nani? Ilikuwa wapi? Mwaka gani?" Aandike majibu, ayalete darasani. Fanyeni upesi, ndugu zangu, maana wazee wanaoweza kujibu hawatungoji.

Mama yule wa Muleba naye aliifanya kazi hii. Alizunguka na picha yake vijiji vitatu. Katika cha tatu alimpata mzee mmoja asiyeona vizuri, aliyeisogeza picha hadi karibu na pua, akaweka kidole juu ya kijana wa nne kutoka kushoto. Jina hilo sasa limeandikwa nyuma, kwa mkono wa mama mwenyewe.

Kwaherini, hadi juma lijalo.