Gari Lililoinuliwa na Kona za Mlimani

Barabara ya Mwatate kupanda Wundanyi ina kona nyingi za kubana. Magari mengi yanayoipita kila siku ni madogo, kama Probox na Noah, yakipandisha abiria na kuteremsha mboga kuelekea Voi na Mombasa. Baadhi yameinuliwa: fundi huweka spesa, yaani vipande vya raba au alumini juu ya springi, ili gari lisikwaruze mawe kwenye barabara za vijijini. Huko lina faida. Tatizo ni kwenye kona, na si kila gereji humweleza mteja.

Gari likikata kona, uzito wake husukumwa upande wa nje. Mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani hawezi kugeuka ghafla kama aliyeishika mkononi. Gari nalo ni hivyo: uzito ukipanda juu, gari hulala zaidi na magurudumu ya ndani hubaki mepesi. Magunia ya kabichi kwenye keria huongeza tatizo lile lile. Tena, msukumo huo hukua haraka kuliko mwendo. Kona iliyopitwa kwa kilomita 40 kwa saa ikipitwa kwa 60, msukumo huwa mara 2 na robo.

Anayetaka gari lishike kona aanze na matairi, kwa kuwa upepo ni rahisi kurekebisha. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi penye fremu ya mlango wa dereva, na huwa tofauti gari likiwa na mzigo.

Kisha shokabsoba. Iliyolowa mafuta imekwisha. Nyingine hujulikana kwa kukandamiza pembe ya gari na kuiachia: ikiendelea kudunda, haifanyi kazi. Hubadilishwa mbili mbili, kushoto na kulia pamoja. Shokabsoba mpya haitabeba mzigo zaidi, maana mzigo hubebwa na springi.

Kifaa kinachosahaulika sana ni stabilaiza, chuma kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale. Linki na bushi zake huchakaa upesi kwenye barabara mbovu, na dalili ni mgongano wa chuma gari likipita matuta. Mwenye gari akishauriwa aiondoe tu ili kelele ziishe, akatae. Linki mpya ni afadhali kuliko gari linaloyumba.

Springi ngumu zaidi huonekana kama jibu, lakini penye mashimo hulifanya tairi liruke, na tairi lililo hewani halishiki chochote. Kukata springi ili kushusha gari ni hatari zaidi, kwani inaweza kuchomoka mahali pake.

Baada ya kazi yoyote kati ya hizi, spesa zikiwemo, magurudumu yapimwe alainimenti. Tairi linaloliwa upande mmoja tu ni ishara kwamba haiko sawa.

Ambaye lazima gari lake libaki juu kwa sababu ya barabara ya nyumbani, achague spesa fupi, aweke mzigo mzito sakafuni badala ya kwenye keria, na aiarifu kampuni yake ya bima kuhusu mabadiliko hayo. Breki zishikwe kabla ya kona, si ndani yake.