Jina "Dieudonné": Asili, Maana na Uandishi Wake

Miongoni mwa maswali yanayowakabili waandishi, makarani na walimu wa Kiswahili ni hili: jina la mtu lililotoka katika lugha ya kigeni, na ambalo maana yake inafahamika, liandikweje? Litafsiriwe, lifuatishwe matamshi yetu, au liachwe kama lilivyo? Katika makala haya tutalichunguza jina moja, Dieudonné, ambalo ni la kawaida miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili wa Kongo, Burundi na Rwanda.

Dieudonné ni jina la Kifaransa lenye sehemu mbili: Dieu, yaani Mungu, na donné, yaani aliyetolewa. Maana yake basi ni "aliyetolewa na Mungu". Mwanamke huitwa Dieudonnée, kwa kuongezewa e moja isiyotamkwa. Nyuma ya jina hili lipo la Kilatini, Deodatus, lenye maana ile ile. Na mwana wa Mtakatifu Augustino, aliyezaliwa mnamo mwaka 372, aliitwa Adeodatus. Wala wazo hilo si mali ya taifa moja. Wayunani walikuwa na Theodoros, Waslavi wana Bogdan, na Waarabu wana Atallah.

Kwa mwanafunzi wa lugha, historia ya jina hili huko Ufaransa ina funzo. Deodatus liliingia katika Kifaransa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya kuchakaa kwa sauti: jina la mtakatifu mmoja wa karne ya 7 lilipunguka hata likawa Dié, na mpaka leo uko mji wa Saint-Dié mashariki ya nchi hiyo. Njia ya pili ni ya kutafsiri, sehemu kwa sehemu, na hapo ndipo lilipopatikana Dieudonné. Aghalabu alipewa mtoto aliyengojewa kwa muda mrefu. Mfalme Louis wa 14, aliyezaliwa mwaka 1638, aliitwa Louis-Dieudonné, kwa kuwa wazazi wake walikuwa wamekaa katika ndoa miaka 23 bila ya kupata mtoto aliye hai.

Katika Afrika yetu jina hili nalo lilipita milango miwili. Huku Tanzania, Wakatoliki wengi walilipokea kwa sura ya Kilatini, lugha ya ibada ya Kanisa hadi mabadiliko yaliyofuata Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965). Ndiyo maana tunao akina Deodatus wengi. Katika nchi zilizotawaliwa na Wabelgiji, ambako Kifaransa kilikuwa lugha ya ofisi na ya elimu ya juu, sura iliyoenea zaidi ni Dieudonné, ambayo marafiki huifupisha kuwa Dieudo. Hivyo Deodatus wa Bukoba na Dieudonné wa Bukavu ni wasomo, ingawa huenda wenyewe wasitambue.

Kupendwa kwake kuna sababu. Jina hili liliikuta ardhi iliyokwisha kulimwa. Katika Kirundi na Kinyarwanda, majina mengi humtaja Mungu kuwa ndiye mtendaji: Habyarimana, yaani anayezaa ni Mungu, Hakizimana, yaani anayeponya ni Mungu. Mzazi aliyezoea kusema hivyo kwa lugha yake hakuona ugeni katika Dieudonné. Na Kiswahili chenyewe kina Zawadi, jina linalosikika sana Kongo ya mashariki pamoja na Furaha, Neema na Bahati.

Yawezekana mtu akauliza: ikiwa Wafaransa walilitafsiri Deodatus, kwa nini nasi tusilitafsiri Dieudonné? Jibu ni kwamba Wafaransa walitunga jina jipya kwa watoto waliokuwa wakizaliwa. Kumwita mtoto Zawadi ni kutunga. Kumwandika Zawadi mtu mzima aliyekwisha kuitwa Dieudonné ni kumnyang'anya jina lake. Mnamo mwaka 1972 serikali ya Zaire iliwaamuru raia waache majina ya ubatizo ya kigeni. Rais mwenyewe, Joseph-Désiré Mobutu, akawa Mobutu Sese Seko. Na Désiré, yaani aliyetamaniwa, ni jina la jamii moja na Dieudonné. Hata hivyo majina hayo hayakufa. Masharti yalipolegezwa kuanzia mwaka 1990, yalirudi kutumika hadharani.

Limebaki suala la matamshi na tahajia. Silabi ya kwanza ya jina hili ina irabu tusiyokuwa nayo: ulimi hukaa kama katika e, na midomo huviringwa kama katika o. Msemaji wa Kiswahili hutamka kitu kinachokaribia "Dyedone", na huhamisha mkazo kutoka silabi ya mwisho hadi ya pili kutoka mwisho. Jambo hilo si kosa. Ni kawaida ya lugha yetu. Kosa huanza pale karani anapoandika alivyosikia. Cheti kimoja kikisema Dieudonné na kingine Diedone, mwenye vyeti anaweza kutakiwa athibitishe kwamba yeye ni mtu mmoja, si wawili. Vivyo hivyo, kumwandika mwanafunzi "Deo" hakutoshi, kwani Deo huweza kuwa Deodatus, au Deogratias, ambalo maana yake ni "shukrani kwa Mungu".

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, jina la mtu liandikwe kama mwenyewe anavyoliandika, pamoja na alama iliyo juu ya herufi ya mwisho. Pili, matamshi yaachwe yafuate kinywa cha Kiswahili bila ya kuoneana haya. Tatu, maana ifafanuliwe katika kamusi na darasani, wala isiingizwe katika hati mahali pa jina. Istilahi ni ya wote, na baraza laweza kuisanifu. Jina la mtu lina mwenyewe.