Kabla hujaenda kuwekewa kitanzi

Wanawake wengi huingia chumba cha uzazi wa mpango wakiwa wamesikia habari za kitanzi, au lupu, zaidi kutoka kwa majirani kuliko kwa mtaalamu. Hofu wanayokwenda nayo huzidisha maumivu, na maandalizi mazuri huipunguza.

Kitanzi cha shaba ni kifaa cha plastiki chenye umbo la herufi T, urefu wa kama milimita 36, kilichozungushiwa waya wa shaba unaozuia mbegu za kiume kulifikia yai. Hufanya kazi kwa miaka 10 au zaidi. Kati ya wanawake 100 wanaokitumia, wanaopata mimba katika mwaka wa kwanza hawafiki hata mmoja. Lakini kinaweza kuongeza damu ya hedhi, hasa miezi ya mwanzo, ilhali aina nyingine, kitanzi cha homoni, huipunguza. Kama una upungufu wa damu, sema mapema.

Si lazima usubiri hedhi. Mtoa huduma anataka uhakika kwamba huna mimba, kwa hiyo kumbuka tarehe ya hedhi yako ya mwisho. Mwambie pia kama unatokwa na uchafu usio wa kawaida, una maumivu chini ya kitovu au unatokwa damu usiyoielewa. Maambukizi hutibiwa kwanza, kitanzi kifuate.

Siku yenyewe usiende na njaa, maana wapo wanaopata kizunguzungu shingo ya kizazi inapoguswa. Beba khanga ya kujifunika na pedi. Uliza kama unaweza kunywa ibuprofen saa moja kabla. Husaidia zaidi msokoto wa tumbo unaofuata. Mwenye vidonda vya tumbo au mzio wa dawa hiyo asiinywe bila ushauri. Uliza pia kama kuna dawa ya ganzi.

Ukishalala kitandani, muuguzi atakupima kwa mkono, ataingiza kifaa cha kupanua uke, kisha atasafisha shingo ya kizazi. Maumivu huja hasa mara tatu: shingo ya kizazi inaposhikwa, kina cha mfuko wa uzazi kinapopimwa, na kitanzi kinapoingia. Wengine huhisi kama maumivu ya hedhi, wengine huumia sana. Mwishoni muuguzi hukata nyuzi za kitanzi, akabakiza kipande kifupi ukeni. Yote huchukua dakika chache, na una haki ya kusema "naomba usubiri kidogo" wakati wowote.

Kinyume na uvumi, kitanzi hakipandi moyoni wala kichwani. Kutoboa mfuko wa uzazi hutokea kwa nadra, na pengine kitanzi hutoka chenyewe, hasa mwaka wa kwanza. Rudi kituoni haraka ukipata homa, maumivu makali, uchafu wenye harufu, hedhi kuchelewa, au usipozihisi nyuzi. Kumbuka kondomu, kwani kitanzi hakikingi Virusi vya Ukimwi wala magonjwa mengine ya ngono.

Usiondoke bila kadi yenye tarehe ya kuwekewa na ya kutolewa. Na siku ukitaka kitolewe, hata kabla ya muda wake, nenda kituoni ukaombe: ni haki yako, wala hudaiwi sababu.