Mabati ya bei ya chini: «dampingi» ni nini, na inatugusa namna gani hapa Wagenia?

Pale Wagenia, kwenye maporomoko ya mto Kongo, mvuvi anafunga miti kwa kamba za porini na kutega vikapu vyake vikubwa kama mababu walivyofanya. Lakini jioni akirudi nyumbani, chuma iko juu ya kichwa chake: ni bati. Chuma iko pia ndani ya misumari, ndani ya nondo za beto, hata kwenye toleka inayobeba samaki sokoni. Na sehemu kubwa inatoka inje ya nchi.

Inafika kwa shida. Kutoka Kinshasa ni safari ya mto ya zaidi ya kilometa 1,700. Kutoka bandari ya Mombasa inavuka Kenya na Uganda, kisha inaingia kwenye barabara zetu tunazozijua. Ndiyo maana mtu akisikia bati limeshuka bei, anafurahi. Basi kwa nini nchi zingine zinafungua uchunguzi juu ya chuma ya bei ya chini?

Maana ya dampingi

Dampingi si kuuza bei ya chini tu. Ni kampuni kuuza bidhaa inje kwa bei iliyo chini ya ile inayouzia kwao. Tuchukue mfano: bati linauzwa dola 5 kule linakotengenezwa, lakini linaagizwa huku kwa dola 4. Tofauti ya dola 1 ndiyo dampingi. Ni 25% ya bei ya kuuzia inje.

Kwenye chuma jambo hili linatokea mara nyingi, sababu viwanda vikubwa haviwezi kuzima moto kila siku. China peke yake iliuza inje zaidi ya tani milioni 110 za chuma mwaka 2024. Chuma ikizidi kwao, inatafuta soko kwa wengine.

Uchunguzi unapita wapi

Shirika la Biashara la Dunia (OMC) halikatazi dampingi moja kwa moja. Linaruhusu nchi kujilinda, lakini kwa masharti. Viwanda vya nchi ndivyo vinapeleka ombi, na vinavyounga mkono lazima vitengeneze angalau 25% ya bidhaa hiyo nchini. Wachunguzi wanatafuta mambo matatu: kama dampingi iko kweli, kama viwanda vimeumia, na kama dampingi ndiyo iliyowaumiza, si uongozi mubaya au umeme kukatika. Tofauti ikiwa chini ya 2%, dosie inafungwa. Kazi yote isipite miezi 18. Wakishinda, dwane inaongeza takse, na kwa kawaida takse hiyo inaisha kisha miaka 5.

Masharti haya si mchezo. Mwaka 2014 Maroko iliweka takse ya dampingi juu ya chuma ya Uturuki. Uturuki ikashitaki. Mwaka 2018 waamuzi wa OMC wakasema Maroko ilikosea, na kosa moja lilikuwa hili: uchunguzi wake ulipita miezi 18.

Na Kongo?

Kongo iko ndani ya OMC tangu 1997, na iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Sheria za dwane za Jumuiya hiyo zinaruhusu pia kupambana na dampingi. Lakini uzini zikiwa chache, nani atapeleka ombi? Uzini ya chuma ya Maluku, karibu na Kinshasa, iliyojengwa miaka ya 1970, haikufikia kiwango kilichopangwa. Na madini ya chuma yako hata huku Tshopo, upande wa Banalia.

Hapo ndipo mambo yanagongana. Mama anayetaka kutoa majani juu ya nyumba yake anaomba bati la bei ndogo. Kijana asiye na kazi anaomba uzini. Takse ikiongezwa, uzini inapumua, lakini mama ndiye analipa. Isipoongezwa, mama anaezeka leo, lakini uzini inaweza isizaliwe kamwe. Uganda na Kenya, zenye viwanda vya mabati, zinaliona jambo hili kwa jicho lingine kuliko sisi wanunuzi.

Tusichanganye

Bati la bei ndogo si lazima liwe la dampingi. Pengine limepita mpaka bila kulipa dwane: hiyo ni magendo. Pengine ni jembamba kuliko ilivyoandikwa: huo ni udanganyifu. Hayo mawili hayangojei uchunguzi wa miezi 18. Kabla ya kulipa, uliza unene, linganisha uzito wa mabati mawili, na udai fakture. Bati jembamba linaoza mapema, na mvua ya Kisangani haina huruma.